Mtambo ni wa Anayejua Kuutengeneza

Yafuatayo ni mazungumzo ya fundi mmoja mstaafu mbele ya vijana waliohitimu mafunzo ya ufundi na wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Kakonko, mkoani Kigoma. Kikundi kilikuwa kimemwomba ushauri juu ya kununua mtambo wa kuchimbia uliokwisha kutumika jeshini. Tumeyafupisha kidogo bila kubadili maana.



Nimeambiwa nizungumze kwa nusu saa, na mzee akipewa nusu saa huchukua saa nzima, kwa hiyo mwenyekiti ana ruhusa ya kunivuta koti.

Wote mnalijua lile katapila langu lililo chini ya mwembe, lenye ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Wengine huliita kijiko, wengine JCB. Mke wangu huliita mke mwenza, maana anasema kila shilingi ninayoipata huanza kwenda huko. Wengine wenu mlipokuwa watoto mlilipanda mkicheza, nami nikawafukuza kwa fimbo. Mkadhani ni uchoyo. Leo nitawaeleza sababu yake.

Kikundi chenu kimeniletea swali. Mmepata habari za mtambo wa namna hiyo hiyo, uliotoka jeshini, ukapita mikononi mwa watu kadhaa, na sasa mwenye nao anauuza. Ninyi mmeweka akiba kwa miaka sita. Humo imo fedha ya akina mama wa maharage na mihogo, na ya vijana wa bodaboda. Mnauliza: tununue au tusinunue? Nitajibu, lakini mwishoni. Jibu bila sababu zake halitawasaidia siku mtakapoletewa mtambo mwingine nami sipo.

RANGI TATU ZA MTAMBO WANGU

Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa kule Burundi, maelfu ya watu walivuka mpaka na kuingia kwetu. Wakati ule Kakonko ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kibondo. Kambi zikafunguliwa: Kanembwa, Mtendeli, Nduta na nyinginezo, na kule Kasulu kambi ya Nyarugusu ikaanza kupokea Wakongo mwaka 1996. Mimi nilikuwa kijana wa gereji, ninayejua Land Rover na pikipiki, basi. Nikaajiriwa fundi msaidizi katika karakana ya shirika moja la misaada. Huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza chuma kizito kikiinuliwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa ndani ya bomba. Siku ile nilisahau kwenda kula.

Malori na mitambo tuliyoitumia mingi haikuwa mipya. Baadhi ilikuwa imetoka katika majeshi ya Ulaya. Mtakumbuka kwamba Ujerumani mbili ziliungana mwaka 1990. Jeshi la upande wa Mashariki likavunjwa, na magari yake mengi yakauzwa au kutolewa, mengine kwa mashirika ya misaada. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya vita kikaja kubeba unga na mahema.

Mwaka 2009 nilinunua kijiko changu mnadani kwa fedha ya kiinua mgongo. Kilikuwa hakitembei. Kilipakwa rangi nyeupe, ile ya magari ya misaada. Nilipoanza kukikwangua kutu nikakuta chini ya nyeupe kuna kijani cha jeshi, na kwenye mlango kibao kidogo cha bati chenye maandishi ya kuzibwa kwa rangi. Kibao hicho kilieleza uzito wa mtambo, aina ya mafuta na kiasi chake. Majeshi yana tabia hiyo nzuri: hayamwachii dereva akisie.

Ilinichukua miaka saba kabla ya mtambo ule kutoka kwenye uwanja wa nyumba yangu. Fedha ilipatikana kidogo kidogo. Hosi paipu moja ilinipeleka Mwanza kwa Nyakanazi, Biharamulo na Geita, enzi zile tunapanga foleni ya kivuko pale Busisi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025. Siku nne kwa hosi moja.

Mwaka 2016 ndipo nilipowasha na kutoka barabarani. Nilikuwa nimekwisha kukwangua nyeupe yote, lakini rangi mpya nilikuwa sijanunua, kwa hiyo mtambo ulikuwa kijani kitupu. Mwaka huo huo kambi ya Mtendeli ilikuwa imefunguliwa tena kupokea watu waliokimbia machafuko ya Burundi. Njiani nikakutana na akina mama na watoto waliokuwa wametoka kuokota kuni. Waliposikia muungurumo na kuona rangi ile, walitupa kuni chini wakakimbilia porini. Nikazima injini. Baada ya muda mama mmoja akarudi polepole. Kirundi na Kiha ni ndugu, kwa hiyo tulielewana. Aliniuliza: je, na huku vimekuja?

Sikuendelea na safari. Nilirudi nyumbani, nikauza mbuzi wawili, nikanunua rangi ya njano. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, lakini mama yule bado namkumbuka kila ninapoona mahali rangi ilipobanduka. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mtambo wa jeshi ukija mikononi mwa raia, uvueni sare kabla hamjaupeleka kwa watu. Sisi tunaona chuma. Mwingine anaona kilichompata nyumbani kwao.

TULIKWISHA KUJARIBU HAYA ZAMANI

Vijana hudhani kununua mitambo iliyobaki vitani ni jambo jipya. Si jipya. Lilifanyika nchini mwetu kwa ukubwa wa ajabu kabla hata mimi sijazaliwa.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga hapa Tanganyika, katika Kongwa, Nachingwea na Urambo, kwa jirani zetu wa Tabora. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka miwili tu, na Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta mapya hayakutosha, kwa hiyo walinunua yale yaliyobaki vitani, mengine kutoka maghala ya jeshi la Marekani kule Ufilipino. Kampuni ya Vickers ilichukua muundo wa vifaru vya Sherman, ikaondoa silaha, ikatengeneza matrekta yaliyoitwa Shervick. Fikirini: kifaru kinang'oa visiki Tanganyika.

Lilikuwa wazo zuri machoni. Lakini matrekta mengi ya mtumba yalifika yakiwa yamechoka, na kabla ya mwaka wa kwanza kwisha sehemu kubwa ilikuwa imesimama. Spea hazikuwepo au zilikuwa safarini. Madereva wengi walikuwa hawajawahi kushika trekta, wakafundishwa kwa haraka haraka. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ikavunja vyuma, na udongo wake ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji. Sisemi mitambo peke yake ndiyo iliyouangusha mradi ule. Mvua hazikutosha, na hawakufanya majaribio ya kutosha kabla ya kuanza. Lakini mwaka 1951 uliachwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36.

Hao walikuwa na serikali nyuma yao, na meli, na benki. Ninyi mna sanduku lenye kufuli tatu.

Sasa niwape mfano wa upande wa pili. Mwaka 1945, vita ilipokwisha, Mwingereza mmoja aitwaye Joseph Cyril Bamford alipanga gereji ndogo katika mji wa Uttoxeter. Alikuwa na mashine ya kuchomelea ya mtumba. Akaokota vyuma vilivyobaki vitani, akatengeneza tela moja la shambani la kumwaga mzigo. Akaliuza kwa pauni 45 pamoja na mkokoteni wa zamani wa mnunuzi. Ule mkokoteni akautengeneza, akauuza naye kwa pauni 45 nyingine. Chukueni herufi za kwanza za majina yake matatu: J, C, B. Ndiyo hiyo JCB tunayoitaja kila tunapoona kijiko, hata kikiwa cha kampuni nyingine. Mtambo wenye ndoo mbele na mkono nyuma waliutoa mwaka 1953.

Vyuma vya Kongwa na vyuma vya Uttoxeter vyote vilitoka katika vita ile ile. Tofauti ni kwamba Bamford alianza na tela moja, na kila msumari wake aliujua. Kule Kongwa walianza na mamia ya mashine zisizo na wenyewe. Walikuwapo wenye kuzilipia, walikuwapo wenye kuziendesha, lakini wa kuzitengeneza walikuwa wachache mno.

WAPENZI WA VYUMA VYA JESHI

Pengine mtashangaa kusikia kwamba ugonjwa wangu una wagonjwa wengi duniani. Marekani na Ulaya wapo watu, wengine walimu, wengine wakulima, ambao hununua mitambo ya jeshi iliyostaafu na kuitengeneza siku za mapumziko kwa mapenzi tu, kama mwingine anavyofuga njiwa.

Mojawapo wanaoupenda sana unaitwa SEE. Jeshi la Marekani liliuagiza katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kuwachimbia askari mahandaki. Gari lenyewe ni Unimog ya Mercedes-Benz, mbele lina ndoo ya kupakia na nyuma mkono wa kuchimbia wa kampuni ya Case. Ubavuni lina mahali pa kuunganisha nyundo ya kuvunjia miamba na msumeno, vyote vikiendeshwa kwa mafuta ya pampu ile ile. Kijiko cha kawaida ukikiendesha barabarani kinakwenda polepole na kukuchosha mgongo, lakini huu unaweza kufika kama kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo hauhitaji kubebwa na lori. Jeshi lilipoipunguza, raia wakainunua.

Unimog yenyewe ilibuniwa Ujerumani baada ya vita kama mashine ya mkulima. Baadaye majeshi yakaipenda. Kwa hiyo ilitoka shambani, ikaenda jeshini, na sasa wapenzi hawa wanairudisha shambani kuchimba mitaro na mabwawa ya samaki.

Kwa nini wao wanafaulu? Kwanza, injini ya SEE ni ya dizeli, ya silinda 6, iitwayo OM352. Injini za jamii hiyo ndizo zilizokuwa kwenye yale malori ya Mercedes 1113 yaliyozunguka Afrika nzima. Fundi yeyote mwenye mvi anaijua. Pili, vitabu vya matengenezo vya jeshi la Marekani vinapatikana kwa raia, na viliandikwa kwa ajili ya askari kijana aliyetoka shuleni jana: picha, namba ya kila boliti, hatua moja baada ya nyingine. Tatu, hawafichani. Mmoja akigundua kwamba sili fulani ya trekta inaingia sawasawa kwenye jeki ya mtambo wake, anawaambia wenzake wote. Sisi mafundi wa hapa tuna tabia ya kufunika kazi kwa turubai mwenzetu akipita. Tabia hiyo imetugharimu zaidi ya kutu.

MAMBO YANAYODANGANYA

Niwape sasa yale niliyojifunza kwa hasara, ninyi mliohitimu myaandike.

Mita ya saa isiwadanganye. Muuzaji wa mtambo wa jeshi atakwambia: huu umefanya kazi saa mia chache tu, ni kama mpya. Inawezekana kabisa ni kweli. Jeshi linaweza kuweka mtambo ghalani miaka ishirini. Lakini mpira hauzeeki kwa kazi tu, unazeeka kwa kukaa. Sili zinakakamaa, hosi zinapasuka ndani kwa ndani, dizeli ya zamani inaacha utelezi mchafu ndani ya pampu. Mtambo wangu ulikuwa na saa chache, nami nilibadilisha kila kipande cha mpira kilichokuwamo.

Umeme nao. Magari mengi ya jeshi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Kijana wangu mmoja alifunga taa za pikipiki, zote zikaungua kabla hajatoa mkono kwenye swichi. Taa ni hasara ndogo. Dainamo ikiungua mtalia.

Angalieni nyuzi za boliti. Mtambo wa Kijerumani una milimita, wa Kimarekani una inchi, na wa Kiingereza wa zamani unaweza kuwa na zote mbili. Boliti inayoingia nyuzi mbili za kwanza kwa mkono kisha inagoma, msiilazimishe kwa spana. Itoeni, ipimeni. Ukiilazimisha unaharibu tundu, na tundu haliuzwi dukani.

Halafu pini na bushi. Mkono wa kijiko unakunja kwenye viungo kama mkono wa mtu, na kila kiungo kina pini ndani ya bushi. Udongo wetu mwekundu ukichanganyika na mafuta unakuwa tupa. Grisi kila asubuhi, kila kiungo, kabla ya kuwasha. Bomba la grisi ni rahisi kuliko soda za wiki moja. Mimi nilizembea msimu mmoja tu, bushi sita zikaisha, na ilibidi nikachongeshe nyingine Kigoma mjini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kijiko, usipopaka grisi utanunua mkono.

KIDOLE CHANGU

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niwafukuze kwa fimbo.

Mnaona mkono wangu wa kulia hauna kidole cha shahada. Wengi mnadhani kilikatwa na feni ya injini. Hapana. Kilichukuliwa na mafuta.

Tairi la gari dogo tunalijaza upepo wa paundi 30 hivi. Mafuta ndani ya hosi ya kijiko, mkono unapochimba, hufika paundi 3,000 na kuzidi. Hiyo ni mara mia moja. Mwaka 2013 nilikuwa najaribu mkono wa nyuma, nikaona mafuta yanatoka kama ukungu karibu na kiungo cha hosi, lakini tundu silioni. Nikapitisha kidole kwenye hosi kulitafuta, kama tunavyotafuta pancha ya baiskeli. Nilisikia kitu kama kuchomwa na mwiba. Hapakuwa na damu. Palikuwa na alama ndogo kama ya sindano. Nikaifuta kwa kitambaa, nikaendelea na kazi, usiku nikala ugali kwa mkono ule ule.

Kesho yake kidole kilivimba. Keshokutwa kilikuwa cheusi na maumivu yamefika begani. Nilipofika hospitali daktari alinieleza kwamba mafuta yalikuwa yamepenya chini ya ngozi na kusambaa, na kwamba ningefika siku ile ile wangenipasua, wakasafisha, na pengine kidole kingepona. Kilichonipotezea kidole ni zile siku mbili nilizosubiri nikisema ni mwiba.

Kwa hiyo nawaambia, na mkitoka hapa na neno moja tu liwe hili: mafuta ya mtambo yakikuchoma ngozi, hata kwa tundu dogo kama la sindano, hata kama hauumwi, acha spana uende hospitali saa hiyo hiyo, ukaeleze kwamba ni mafuta ya presha. Na uvujaji hautafutwi kwa mkono. Zima injini, sogeza vishikio ili presha itoke. Ukilazimika kuangalia injini ikiwaka, simama mbali, tumia kipande cha boksi kwenye ncha ya mti. Boksi likilowa umepata tundu, na boksi halina uchungu.

La pili ni mkono na ndoo kukaa juu. Mtambo ukizimwa na ndoo ikabaki hewani, kinachoizuia ni mafuta tu na sili ya mpira ya bei ndogo. Ikikatika, ndoo inashuka na haingoji mtu atoke. Ndiyo maana niliwafukuza, wanangu. Sikuwa nalinda chuma. Kila mtambo unaosimama, ndoo na mkono vilale chini. Ukitengeneza chini yake, weka magogo ya mti mgumu, usiamini jeki.

La tatu ni shimo lenyewe. Mtaro ukifika kifua cha mtu mzima, udongo unaweza kuporomoka bila kutoa sauti, hasa baada ya mvua. Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni, uwekwe angalau hatua moja kutoka mtaroni, na mtu asiingie kwenye mtaro mrefu usiowekewa nguzo na mbao za kuzuia.

HESABU BILA AIBU

Mtaniuliza: mzee, umepata faida gani? Nitasema ukweli mbele ya mke wangu, ambaye amekaa pale na anacheka.

Nina madaftari manne. Kila lita ya dizeli, kila sili, kila saa ya kazi imeandikwa. Mwaka wa kwanza, kwa kila saa moja ya kuchimba nilitumia saa tatu za kutengeneza. Siku hizi ni kinyume chake. Nimechimba mtaro wa bomba la maji, mashimo ya vyoo vya shule, na mvua zilipozoa kalvati la njia ya kijijini nilifungua njia kwa siku mbili. Nilitoza dizeli na chakula. Ukijumlisha yote, kama biashara, ningefilisika zamani. Ni mapenzi, na mapenzi yana gharama yake. Mimi niliyalipa kwa kiinua mgongo changu mwenyewe.

Lakini ninyi hamnunui kwa mapenzi. Mnanunua kwa fedha ya mama anayeuza maharage kwa kopo. Yeye hakuweka akiba miaka sita ili mzee mmoja afurahie muungurumo wa injini. Hapo ndipo mimi na ninyi tunapotofautiana, na ningekosea sana kama ningewashawishi kwa furaha yangu.

JIBU LANGU

Kwa hiyo jibu ni hili: msinunue sasa. Sisemi msinunue kabisa. Nasema kuna mambo matano yatangulie.

Kwanza, vijana wasiopungua wawili wa kikundi wawe wamefungua jeki ya mtambo wangu kwa mikono yao, wakabadilisha sili, wakaifunga, ikafanya kazi bila kuvuja. Asiyeweza hilo hana mtambo, ana deni la fundi.

Pili, mkienda kuukagua mtambo huo, fikeni alfajiri bila kupiga simu. Shikeni injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiamsha kabla yenu ili isiwaonyeshe tabia yake ya asubuhi. Rudini siku nyingine.

Tatu, inueni mkono na ndoo, zimeni injini, wote mkae mbali, mweke alama ya chaki kwenye vyuma vya jeki vinavyong'aa, msubiri nusu saa. Alama zikisogea sana, sili au valvu zimechoka. Kisha laza mkono chini, mtazame pini kila kiungo. Ukiweza kuingiza sarafu kati ya pini na bushi, punguzeni bei au ondokeni.

Nne, karatasi. Namba ya injini na ya chasisi zilingane na zilizo kwenye hati, na hati ya mauzo ya kutoka jeshini au mnadani iwepo. Mtambo wa jeshi usio na karatasi siku moja utaulizwa, na atakayejibu ni ninyi.

Tano, theluthi moja ya fedha yenu isiguswe na bei. Ni ya spea, mafuta na filta za mwaka wa kwanza. Kama bei inamaliza sanduku, mtambo huo ni ghali, hata kama watu wote wanasema ni wa bei poa.

Najua mmesikitika. Naona nyuso za vijana. Mlitaka kurudi na kijiko kabla ya mvua za Oktoba. Barabara ya lami imepita kwetu, mmeona mitambo ya makandarasi ikifanya kazi, mkadhani na sisi tunachelewa. Kuchelewa msimu mmoja ni afadhali kuliko kuwa na chuma chini ya mti ambacho akina mama wanapita wakikitazama na kuhesabu fedha yao ndani yake.

Viongozi wetu wa dini wametuhubiria mara nyingi habari ya nabii Isaya, panga na majembe. Mimi ni fundi, ninaongeza kidogo tu. Panga haligeuki jembe kwa kubadilisha mwenyewe. Lazima awepo mhunzi, na mkaa, na mtu wa kuvuta mivukuto hadi jasho limtoke.

Macho yangu yamepungua. Nyuzi za boliti ndogo sizioni tena bila miwani mbili. Wanangu wa kuzaa wana kazi zao mjini, na hawataki grisi, siwalaumu. Kwa hiyo nina ombi. Mtambo wangu uwe darasa lenu. Sidai ada. Ninadai kitu kimoja: madaftari yangu manne yaendelee kuandikwa, na la tano lianzwe kwa mwandiko wa kijana. Siku daftari la tano litakapojaa, mtakuwa mmekwisha kujua kama mnunue wa kwenu, na siku nitakapoondoka huu wangu hautauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Tunaanza Jumamosi, saa mbili asubuhi, chini ya mwembe. Njooni na nguo chakavu, daftari na kalamu. Mwenye pete aiache nyumbani.